Plastiki isiyopigika picha: kilichomo ndani ya pomboo na nyangumi wetu (uzi mrefu)

Nahodha wa Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Huu ni mwaka wa kumi na tatu naendesha boti ya kupeleka wageni kuona pomboo, na kabla ya hapo nilikuwa nikivua na mjomba wangu kwa jarife. Mwezi uliopita nilibeba wanafunzi wa sekondari kutoka mjini. Tulizima mashine, pomboo wanne wakaja kupumua karibu yetu, mmoja ana mtoto ubavuni. Kijana mmoja akaniuliza, "Nahodha, hawa nao wana plastiki ndani?" Nikamwambia sijui. Jibu lile lilinikaa kooni. Tangu siku hiyo nasoma usiku, na kila mtafiti anayepanda boti yangu namuuliza. Niliyoyapata nayaweka hapa.

Sizungumzii mfuko unaomkaba nyangumi. Hizo habari mnazo: yule aliyekutwa Wakatobi, Indonesia, Novemba 2018 akiwa na karibu kilo 6 za plastiki tumboni, vikombe 115 na kandambili mbili ndani yake, na mwenzake wa Davao, Ufilipino, Machi 2019, kilo 40. Picha zinasambaa, tunasikitika, kesho tumesahau. Mimi nazungumzia ile isiyopigika picha.

Wataalamu wanaita maikroplastiki kipande chochote kisichofika milimita 5. Jina hilo lilishika baada ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake kuandika mwaka 2004. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa ndogo tangu mwanzo, kama zile punje zinazoyeyushwa kutengeneza ndoo na viti. Meli ya X-Press Pearl ilipoungua karibu na Colombo mwaka 2021 ilimwaga zaidi ya tani 1,600 za punje hizo, katika bahari hii hii ya Hindi tunayooga. Lakini nyingi ni uchakavu tu. Jua linaikausha plastiki, mawimbi yanaisaga, kamba inanyonyoka uzi baada ya uzi. Kuti likianguka baharini linaoza likawa udongo. Kamba ya nailoni haiozi, inazidi kuwa ndogo mpaka jicho linaikosa, na hapo ndipo samaki anapoiweza.

Sasa pomboo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter na maabara ya bahari ya Plymouth walitoa matokeo ya wanyama 50 wa jamii 10, pomboo na sili, waliokufa na kutupwa na maji kwenye fukwe za Uingereza. Walichunguza matumbo yao toka mwanzo hadi mwisho. Wote 50 walikuwa na plastiki, hakusalimika hata mmoja. Wastani ulikuwa chembe 5.5 kwa mnyama, na asilimia 84 ya zilizopatikana zilikuwa nyuzi: za nguo, za nyavu, za kamba, za miswaki.

Niliposoma hiyo 5.5 nilipumua. Nikasema kumbe ni kidogo. Baadaye mtafiti mmoja, tukiwa tumetia nanga tunasubiri maji, akaniambia, "Nahodha, hiyo ni abiria waliomo kwenye daladala dakika uliyoisimamisha. Hujahesabu waliopanda na kushuka tangu asubuhi." Tumbo ni njia. Kinachoingia na chakula kingi chake kinatoka na choo. Watafiti walishawahi kuchunguza hilo kwa sili wa hifadhi moja huko Cornwall waliokuwa wakilishwa samaki wa baharini: chembe zilikutwa kwa samaki wenyewe, na zikakutwa kwenye karibu nusu ya sampuli za vinyesi vya sili. Sili hakumeza plastiki yoyote kwa mdomo wake. Alimeza samaki.

Swali langu basi likawa: zote zinatoka? Hapana. Mwaka 2023 Greg Merrill wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake waliandika kuhusu wanyama 32 wa bahari kutoka Alaska, California na North Carolina. Hawakutazama tumbo. Walichukua mapafu, mafuta ya chini ya ngozi, na yale mafuta ya kwenye paji na taya ambayo pomboo na nyangumi wenye meno hutumia kutuma na kupokea sauti. Kwa takriban theluthi mbili ya wanyama hao wakakuta walau chembe moja. Maana yake imetoka tumboni au mapafuni ikasafiri ndani ya mwili. Mnayemjua pomboo mtaelewa kwa nini hili limenigusa. Paji lile ndilo jicho lake. Maji ya huku yakichafuka wakati wa masika, haoni hatua tano mbele, lakini anamsikia ngisi alipo.

Na hewa. Mwaka 2024 ilichapishwa kazi kutoka Florida na Louisiana: watafiti waliweka kifaa juu ya tundu la kupumulia la pomboo 11, wakakusanya pumzi. Kila mmoja alitoa walau chembe moja iliyoshukiwa kuwa plastiki. Mawimbi yakipasuka hurusha chembe juu, upepo nao unaleta za kwake, na pomboo hupumua pale pale usoni mwa maji. Akivuta pumzi moja anabadilisha hewa karibu yote ya mapafu, si kama sisi tunaovuta kidogo kidogo.

Nyangumi asiye na meno ana balaa lake, kwa sababu anakula kwa kuchuja maji. Kule California watafiti walikokotoa mwaka 2022 kwamba nyangumi wa buluu anaweza kumeza hadi chembe milioni 10 kwa siku moja. Hii ni hesabu ya kukadiria, hakuna aliyezihesabu moja moja. Walijua nyangumi anapiga mbizi kina gani, na kuna plastiki kiasi gani katika kina hicho, yaani kati ya mita 50 na 250, ambako ndiko imejaa kuliko juu. Nusura niruke jambo kubwa: asilimia 99 ya hiyo plastiki haitoki kwenye maji anayoyachuja, inatoka ndani ya uduvi anaowala. Uduvi ameshakula kabla yake.

Nyangumi wale wenye nundu tunaowaona hapa Julai hadi Oktoba wanatoka barafuni kusini kuja kuzaa na kupandana. Huku kwetu karibu hawali kabisa. Mama ananyonyesha akiwa na njaa ya miezi, anaishi kwa mafuta aliyoyabeba. Sasa fikirini. Plastiki ina kemikali zake, na ikiwa majini hunasa sumu nyingine zinazopenda mafuta. Sumu za namna hiyo hukaa kwenye mafuta, na mafuta yakiyeyushwa kuwa maziwa, zinaenda kwa mtoto. Hili si la kubuni kwa wanyama wa bahari; kwa DDT, ile dawa ya zamani ya kuulia wadudu, na wenzake limejulikana miaka mingi, na mtoto wa kwanza ndiye hupata mzigo mkubwa. Hata pomboo wa hapa Unguja walipopimwa mafuta yao, kazi iliyochapishwa 2010, mabaki ya DDT yalikuwamo.

Naomba niseme na hili, maana sipendi kutia chumvi. Pomboo wa Kizimkazi anayekufa leo, mara nyingi amekufa kwenye wavu. Nimewatoa kwenye jarife kwa mikono yangu, wamezama kwa kukosa pumzi. Jambo hilo watafiti wa Zanzibar wameliandika tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Hakuna daktari aliyeandika kwamba pomboo fulani aliuawa na chembe za plastiki. Kwenye ule utafiti wa Uingereza, waliokufa kwa maradhi ya kuambukiza walikuwa na chembe nyingi kidogo kuliko waliokufa kwa majeraha au kunaswa, na watafiti wenyewe wakasema haitoshi kutoa hukumu. Ninachokiona mimi ni mzigo. Mnyama huyu ana wavu mbele yake, boti zinamfukuza (na zangu zimo), maji yanazidi joto, kisha tunampa na hiki.

Sasa la kwetu. Ukitembea ufukweni maji yakipwa, kinachochakaa pale ni nini? Mifuko ya rambo imepungua sana. Zilizobaki ni kamba. Vipande vya nyavu. Na taitai, zile nyuzi za kufungia mwani, kila hatua unakanyaga. Wenzetu wa Ulaya wanazungumzia mashine za kufulia zinazonyonyoa nyuzi za nguo. Sisi nyuzi zetu tunazitia majini wenyewe, zikiwa mpya, kwa kazi halali. Nataka tuzungumzie hapo.

Nawasilisha.

---

Mtoto wa Mwanza

Mkuu, ahsante sana kwa uzi. Huku ziwani hatuna nyangumi, ila msidhani tumepona. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi kuhusu sangara na sato walionunuliwa soko la Mwanza, na kwa kila aina, asilimia 20 ya samaki walithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Walioandika walisema ndio ushahidi wa kwanza kwa maziwa makuu ya Afrika. Nilikuwa nadhani ni tatizo la bahari tu. Nimemsomea mama yangu hapa, ni muuza samaki mwalo wa karibu, kaniuliza, "Sasa ukimpasua ukamtoa utumbo si umeitoa?" Nikamwambia nyingi ndiyo. Akaniuliza na dagaa je? Dagaa tunakula na utumbo wake. Nikanyamaza.

Nahodha wa Kusini

Mama yako kauliza swali la mtafiti, mkuu. Mpe salamu zangu, shikamoo yake. Na pomboo ni hivyo hivyo, hatumbui samaki. Anammeza mzima.

---

Fundi Temeke

Kwa heshima zote nahodha, mimi naona tunajitwisha mizigo ya wenye viwanda. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko tangu 2006. Kenya 2017. Bara ilikuwa tarehe 1 Juni 2019, mimi nilikuwa na duka, nikatupa mzigo wa mtaji wangu wote. Tumetii. Leo tena tunaambiwa kamba ya mama wa mwani? Yule mama akiacha kamba atakula nini? Meli kubwa za kigeni zinazovua jodari nani anazigusa?

Nahodha wa Kusini

Fundi, pole kwa mzigo wako, na hoja yako ina uzito, sitaki kuikwepa. Mwaka 2019 kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, ambako hakuna kijiji wala soko, walikwenda kusafisha wakatoa tani 25. Walipokadiria kilichobaki, kisiwa kizima kilikuwa na zaidi ya tani 500, na asilimia 83 ya uzito huo ilikuwa zana za uvuvi. Nyingi si za ngalawa, ni za uvuvi mkubwa. Kwa hiyo uko sawa, na nikiandika tena nitalianza na hilo.

Ila meli zile siwezi kuzisimamisha kutoka Kizimkazi. Mazungumzo ya mkataba wa dunia wa plastiki yalianzishwa na azimio lililopitishwa Nairobi Machi 2022, na Agosti 2025 walikaa Geneva wakatoka bila makubaliano. Tukisubiri wao wamalize, mtoto wa pomboo niliyemwona mwezi uliopita atakuwa na wajukuu. Sijasema mama aache kamba. Nimesema kamba inakwenda wapi ikichoka.

---

Mwanafunzi wa Bahari, Mombasa

Kaka nahodha, hongera kwa kazi. Nasomea mambo haya na naomba nirekebishe mahali pawili, usikasirike.

Kwanza, kuhesabu nyuzi ni kazi yenye mtego. Nyuzi zimo hewani, zimo kwenye shati la anayepima. Maabara nzuri huvaa makoti ya pamba, huweka sahani tupu pembeni ya sampuli ili kuona ni nyuzi ngapi zimeanguka zenyewe, kisha hutoa hesabu hiyo. Kisha chembe hupigwa mwanga wa aina maalumu ili ijulikane ni poliesta, ni nailoni au ni pamba tu iliyotiwa rangi. Kazi ya zamani isiyofanya hivyo uisome kwa tahadhari. Ndiyo maana hata ile ya pumzi ya Florida wameandika "inashukiwa". Umeliandika hilo vizuri.

Pili, kwa pomboo wa Kizimkazi wenyewe usitumie kazi ya Uingereza kama jibu. Bahari ya Uingereza imezungukwa na watu na viwanda kuliko yetu. Kinachotusogeza karibu na jibu ni vilivyopimwa huku: hapa Kenya, kazi ya 2018 ilionyesha kwamba vijidudu vinavyoelea, chakula cha samaki wadogo, vimeshakula plastiki. Tanzania nako, mwaka 2020, walipima mchanga wa fukwe na makombe, wakaikuta. Ukiwa na kombe na kijidudu, ngazi ya chini imeshikwa. Pomboo yuko ngazi ya juu kwenye chakula hicho hicho.

Nahodha wa Kusini

Dada, nashukuru, na sikasiriki hata kidogo. Yule kijana nikimwona tena nitamwambia hivi: chakula chao kimeshaingiwa, wao wenyewe wapimwe. Pale Buyu kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari, na pomboo wanaokufa kwenye nyavu huku kwetu wapo. Mvuvi akitoa taarifa badala ya kumzika kimya kimya, sampuli inapatikana. Mwenye jarife anaogopa kuulizwa, ndiyo shida. Nimeanza kuzungumza na wawili watatu.

---

Mkaazi wa Lamu

Assalam aleikum. Mmetaja pomboo na nyangumi, mmemsahau nguva. Wazee wetu Lamu walimwona sana. Mimi na umri huu nimemwona mara moja tu, na alikuwa amekufa. Kwa maji yetu ya Afrika Mashariki amebaki kidogo sana, kundi la maana liko Bazaruto, Msumbiji.

Nguva hali samaki. Anakula majani ya baharini, anachimba na mizizi yake, anameza na mchanga. Na majani yale kazi yake ni kutuliza maji, kila kinachoelea kikifika pale kinazama. Kwa hivyo plastiki inamngoja kwenye sahani. Thailand mwaka 2019 kulikuwa na mtoto wa nguva aliyeokolewa, nchi nzima ikampenda, wakamwita Marium. Agosti akafa, na vipande vya plastiki vikakutwa kwenye utumbo wake.

Hapa kwetu tumejaribu jambo. Ile dau ya Flipflopi imejengwa Lamu kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, fundi wake Ali Skanda, na mwaka 2019 ikasafiri hadi Unguja. Nilikuwa ufukweni siku inaondoka, na sitaisahau. Lakini kandambili unaiokota. Uzi uliokwisha kusagika hauokoteki, hata ukijenga madau mia.

Nahodha wa Kusini

Waaleikum salaam mzee wangu. Nilikuwepo ilipofika huku, nikaigusa ubavu. Na hilo neno lako la mwisho ndilo linaloniumiza: ikishakuwa ndogo imekwisha tushinda. Lazima ishikwe ikiwa bado kamba.

---

Bint Jambiani

Nimesoma yote kimya, sasa naingia maana mmenitaja bila kunijua. Nalima mwani. Mama yangu alianza pale kilimo kilipoanza huku kwetu, 1989 na miaka iliyofuata, mimi nilikuwa mdogo nikibeba vijiti.

Kaka nahodha, taitai umezikanyaga kweli, lakini nikueleze zinaangukaje. Mche mmoja wa mwani unafungwa kwa taitai moja kwenye kamba. Kamba moja ina miche mingi, na mama mmoja ana kamba nyingi. Siku ya kuvuna maji ya bamvua yanakusubiri saa chache tu, baada ya hapo yanajaa. Ukisema ufungue fundo moja moja, nusu ya mwani utauacha. Kwa hiyo tunakata. Tukikata, taitai inaanguka. Hakuna mama aliyekusudia kuchafua bahari. Tunakimbizana na maji.

Tumejaribu kamba za makumbi. Ndani ya maji ya chumvi na jua hazimalizi misimu, zinakatika, mwani unaondoka na mkondo. Yule kaka wa Temeke kanitetea na nimemshukuru, ila asidhani hatuoni. Mchanga tunaosimama ndani yake siku nzima ni wetu. Mwani wenyewe wa kotonii umetufia kwa joto la maji, tunajua bahari ikiumwa inakuwaje.

Kikundi chetu, wanawake kumi na saba, tangu mwaka jana tumebadilisha kitu kimoja. Kila mtu anafunga mfuko wa kitambaa kiunoni, anakata upande mmoja wa fundo, anavuta, anatia mfukoni. Siku za mwanzo tulichelewa, tukagombana. Sasa mkono umezoea.

Nahodha wa Kusini

Dada yangu, hili nimelisoma mara tatu. Mnakusanya kiasi gani, na mkishakusanya mnapeleka wapi?

Bint Jambiani

Hatupeleki popote. Mnunuzi wa mwani anasema si kazi yake. Wanunuzi wa chupa wanasema nyuzi hazina uzito. Ziko nyumbani kwa katibu wetu, viroba tisa mpaka jana, chumba cha uani. Mwanawe anataka kuoa, anakidai chumba.

Nahodha wa Kusini

Jumamosi ninakuja Jambiani na gari ya binamu yangu. Niandalieni hivyo viroba. Kuna sehemu huku boti zetu zinaegeshwa ina banda tupu la bati, havitanyeshewa wala havitapeperuka. Mwenye kiwanda au fundi anayeweza kuziyeyusha nyuzi hizi zikawa kitu, aandike hapa hapa chini.